Zenon Yohanes Kapele, Fundi wa Viti vya Betri (1966–2025)

Marehemu Zenon Yohanes Kapele, ambaye leo Jumamosi tarehe 8 Februari 2025 tumemrudisha Pito alikozaliwa, alikuwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa marehemu Mzee Yohanes Kapele na marehemu Mama Kristiana. Alizaliwa tarehe 14 Agosti 1966, wakati watu wakipura ulezi. Mama yetu alikuwa akisema kwamba hata kuzaliwa alichelewa: mkunga aliitwa mara mbili na mara mbili akarudi kwake akilalamika. Anayewasomea wasifu huu ni mimi, Bertila, mdogo wake anayemfuata, mkazi wa Matai.

Marehemu alisoma shule ya msingi hapa hapa kijijini kuanzia mwaka 1975 hadi 1981. Akiwa darasa la tano aliagizwa kuchonga rula. Alipomaliza aliiweka kando ya rula kubwa ya ubaoni, akamwambia mwalimu kwamba ile ya shule ilikuwa fupi kwa upana wa kidole. Mwalimu alimchapa kwanza, akapima baadaye. Kesho yake alimletea mkate mzima, na marehemu akaugawa kwetu kwa rula ile ile, kila mmoja kipande sawa.

Kati ya mwaka 1983 na 1985 alijifunza useremala katika karakana ya misheni, na mwaka 1988 alifungua karakana yake Chanji, mjini Sumbawanga. Alitengeneza milango, vitanda, madawati na majeneza. Hili lililo mbele yetu limetengenezwa na Abel, mwanawe, na naamini marehemu angepitisha kidole kwenye kila kiungo kabla ya kukubali kulala ndani yake.

Tarehe 5 Juni 1993 alifunga ndoa takatifu na Agnesi. Wengi mnakumbuka habari za kitanda. Marehemu alikusudia kumlaza bibi harusi kwenye kitanda cha mninga alichokichonga mwenyewe, lakini siku ya ndoa kiungo kimoja kilikuwa bado kinacheza, na alikataa kukiingiza ndani. Walilala kwenye godoro chini kwa miezi miwili. Wifi yangu Agnesi hucheka mpaka leo akisimulia: "Nilimwambia, mume wangu, nipe hicho kinachoyumba, nitalala. Akaniambia, wewe utalala, mimi sitalala." Mungu aliwajalia watoto wawili, Angela na Abel.

Sasa niseme juu ya kazi iliyomfanya ajulikane hadi mbali. Mwaka 2018 drili yake ya betri iliungua mota, lakini betri yenyewe ilikuwa nzima, ya volti kumi na nane, na ilikuwa ya bei. Alizunguka kwa mafundi wenzake akakuta kila mmoja ana betri kama hiyo imelala kwenye sanduku, kwa sababu ya aina ile haiingii kwenye drili ya aina hii. Marehemu alisema kutupa betri kwa sababu drili imekufa ni sawa na kumtupa punda kwa sababu mkokoteni umevunjika. Akachonga kipande cha mninga chenye mifereji miwili, betri iteleze na kukaa humo kama ilivyokaa kwenye drili. Ndani aliweka vibati viwili vya shaba vya kupokea umeme, akalehemu nyaya kwa risasi, akatia na kidude cha kuushusha umeme ufae kwa taa. Wasomi wana jina lao. Yeye alikiita kiti, kwa kuwa betri inakaa juu yake.

Kiti cha kwanza kiliwasha taa jikoni kwa Agnesi umeme ulipokatika. Baada ya hapo watu walikuja wenyewe. Kulikuwa na viti vya redio, viti vya pampu za kupulizia dawa mahindi, na kiti cha kinanda cha kwaya, ambacho kabla yake kilikuwa kikinyamaza katikati ya wimbo wa Utukufu. Hakuna aina ya betri iliyoletwa ikamshinda. Aliipima, akaigeuza, akakaa nayo kimya, na baada ya siku tatu au nne kiti chake kilikuwa tayari. Ukimharakisha alikurudishia betri yako.

Ijumaa tarehe 12 Machi 2021, mchana, kiti kimoja kiliunguza duka. Lilikuwa duka la vitenge la Mzee Zubery, Mazwi, na mwenyewe alikuwa msikitini. Mguu wa kabati uliubana waya, nyaya mbili zikagusana ndani, zikapata moto, na rafu ya vitenge ikashika. Mkewe, Mama Kulsumu, aliivuta betri kwa mkono wake wa kulia. Aliliokoa duka, lakini mkono ule uliungua hadi kwenye kiwiko. Kosa lilikuwa la marehemu, na sitalipamba. Hakuwa ameweka fyuzi. Alidhani betri ikizidiwa itajizima yenyewe.

Alikwenda Mazwi jioni hiyo hiyo, akaketi kwenye benchi la duka. Mzee Zubery, ambaye yuko nasi hapa, alimwambia, "Fundi, hii ni kadari. Nenda kafanye kazi." Marehemu akajibu, "Kazi yenyewe ndiyo iliyomchoma mama." Akaomba msamaha kwa Mama Kulsumu, ambaye mkono wake ulikuwa umefungwa bandeji. Mama Kulsumu alimwambia, "Nimekusamehe, fundi. Ila niambie, vile vingine viko wapi?"

Alikuwa ametengeneza viti ishirini na vitatu visivyo na fyuzi, na hakuandika popote nani amechukua kipi. Ukiondoa kilichoungua, vilibaki ishirini na viwili kwenye nyumba za watu, juu ya vitanda vya watoto, karibu na mafuta ya taa. Tangu siku hiyo marehemu hakupokea kazi mpya ya viti mpaka alipotengeneza vingine ishirini na viwili vyenye fyuzi, akaanza kuvizungusha kwa baiskeli na kwa bodaboda: Chanji, Mazwi, Kaengesa, Laela, Matai. Toa cha zamani, chukua kipya, bure.

Msifikiri watu walimshukuru. Ulizuka uvumi kwamba fyuzi inakula umeme, na kwamba fundi Zenon anakusanya viti vyenye nguvu akauze Mbeya. Kule Laela mzee mmoja alikificha chake ndani ya kihenge cha mahindi. Marehemu hakubishana. Alitandika bati chini, akaweka kiti cha zamani na kipya, akagusanisha nyaya mbele ya watu. Kipya kilizima kimya. Cha zamani kiliwaka nyekundu hadi mbao ikatoa moshi. Mzee alikwenda mwenyewe kwenye kihenge. Ilimchukua marehemu mwaka na miezi saba kukusanya viti ishirini na kimoja.

Cha ishirini na mbili nilikuwa nacho mimi.

Kiliwasha taa mbili za genge langu pale Matai na mashine ya kunyolea nywele ya jirani. Kaka aliponiletea kile chenye fyuzi aliniachia na cha zamani kwa siku chache, nikizoee kipya; nilikipachikia taa, mashine na spika kwa pamoja, kikazima siku ya pili. Nikasema, kumbe ni kweli, fyuzi inakula umeme. Aliporudi kuchukua cha zamani nilimwambia nimempa mama mmoja wa Kasanga, simjui jina. Kilikuwa nyuma ya debe la unga, kimefungwa kitambaa.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilifika Kasanga mara nne, na aliyeitembea ni kaka yangu. Mara nne aliteremka mpaka ziwani, akauliza kwa wauza dagaa mmoja baada ya mwingine, mama gani alipewa kipande cha mbao chenye nyaya. Walimwita Baba Betri, wakamcheka. Akirudi alipitia kwangu. Nilimsongea ugali, nikamwekea maji ya kuoga, nikampa pole. Ningeweza kusema siku ya kwanza. Baada ya hapo ikawa aibu, na aibu ikazidi kila aliposhuka kwenye pikipiki akiwa mweupe kwa vumbi.

Mwezi Juni 2024 marehemu alianza kulalamika kwamba ugali unamkwama. Vipimo vya Sumbawanga, na baadaye vya Mbeya, vilionyesha saratani ya koo la chakula. Alitibiwa Mbeya kwa miezi mitatu, akaomba kurudi nyumbani. Agnesi alimlisha uji wa ulezi kwa kijiko hadi mwisho, bila kuchoka, na ukoo mzima unamshukuru. Hata akiwa kitandani alikagua viti ambavyo Abel alivitengeneza, na alivirudisha vingi.

Tarehe 18 Januari mwaka huu nilikwenda Chanji kumwona. Aliniuliza kama nimesikia lolote la Kasanga. Sikuweza tena. Nilimwambia kila kitu. Akauliza, "Kwa hiyo hakuna mama wa Kasanga?"

"Hakuna, kaka."

"Mimi nimemwombea huyo mama kila siku asiungue. Miaka mitatu." Akaanza kucheka, kicheko kikamletea kikohozi, Agnesi akaja mbio. Alipotulia aliniambia, "Basi ulikuwa unaombewa wewe. Nenda kakilete."

Nilikileta kesho yake. Alikifungua kwa kucha, akanionyesha mahali ambapo waya ulikuwa umegeuka kahawia na mbao imeanza kuwa nyeusi. Nilitaka Agnesi akiwekee fyuzi, kwa kuwa kwa kumsaidia mumewe alijua kulehemu kuliko mimi, marehemu akakataa. Akataka nilehemu mimi. Mara ya kwanza risasi ilimwagika kama uji, akaniambia nirudie. Mara ya pili niliungua kidole, akaniambia nirudie. Mara ya tatu aliuvuta waya kwa nguvu ndogo aliyokuwa nayo, ukashika, akasema, "Kinatosha." Mwenye kumjua Zenon anajua kwamba hakuna sifa iliyozidi hiyo.

Marehemu alipokea Sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa tarehe 2 Februari, na alifariki nyumbani kwake Chanji asubuhi ya Alhamisi tarehe 6 Februari 2025, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane. Ameacha mjane, Agnesi, watoto wawili, Angela na Abel, wajukuu watatu, sisi wadogo zake na kaka yetu mkubwa Alphonce, na viti zaidi ya mia mbili vinavyofanya kazi katika nyumba za Ufipa, vyote vina fyuzi.

Ndugu zangu waliniomba habari za Kasanga nisizisome hapa, tuziache kwenye familia. Nimezisoma. Kaka alichekwa hadharani kwa uongo wangu, naye hakuwahi kunitaja kwa mtu. Haikuwa haki aende kaburini akiwa bado ndiye aliyepoteza kiti.

Mungu ampumzishe kaka yangu kwa amani. Hakupoteza chochote.