Vumbi Lisilosagika

Mchonga mawe mstaafu alikohoa mpaka basi zima likanyamaza, hata kondakta. Muuguzi aliyeketi kando yake akamuuliza, "Kifua, baba?"

"Vumbi, mwanangu. Kazi nimeiacha, lenyewe limegoma kuniacha."

"Chembe za kinga ya mwili zinalimeza, lakini vumbi la mawe halisagiki. Zikilemewa, zinachoma sukari ya mwili kwa pupa ili zipate nguvu, na kuita chembe nyingine. Vurugu hiyo ndiyo inayotia mapafu makovu."

"Kumbe walinzi wangu ndio wanaoniumiza!" Mzee akacheka, kisha kicheko kikamkauka. "Na mwanangu aliyerithi patasi yangu? Barakoa hataki. Anasema mbona mimi sikuvaa."

Muuguzi akamgeukia. "Basi akusikie ukikohoa, baba."

Basi liliposimama kwenye karakana ya mawe alikofanya kazi mwanawe, mzee akateremka, ingawa kwake kulikuwa bado mbali.