Mama Mwenye Mikono Mikubwa

Kijiwe cha Mabawa kina benchi mbili, dele moja la kahawa na maneno yasiyokwisha. Jumamosi ile alikuwapo Rama, karani mstaafu wa mahakama, waliyembandika jina la Hakimu kwa kuwa hukumu huitoa kabla hajaisikia kesi. Alikuwapo Timotheo, aliyekata mkonge miaka ishirini, wakamwita Singa, yaani nyuzi za mkonge. Ibrahimu alikuwa akimimina kahawa. Sabiri, mpiga picha za harusi, ndiye pekee aliyekataa kukaa. Alizizunguka benchi na kamera shingoni kama kuku anayetafuta pa kutagia.

— Kaa bwana, unatutia kizunguzungu, alisema Ibrahimu.

— Nikae vipi? Nimezaliwa Tanga hii hii, leo nafukuzwa kwenye ukuta wa Tanga kama mwizi!

— Ukuta upi?

— Wa ghala kule Ngamiani, wenye yule mama anayemenya machungwa. Mlinzi kanipa dakika moja, basi. Na ndoo za rangi nyeupe nimeziona zimepangwa.

Miaka mitatu Sabiri alikuwa akipiga picha sanamu za kwenye vipilefti na michoro ya kuta za mji wake. Hakuna aliyemtuma. Akikaa wiki bila kwenda, viganja humwasha.

Hakimu alimeza funda la kahawa.

— Mficha maradhi kifo humuumbua. Pale pana mali ya Mjerumani.

— Methali hiyo inaingiaje hapo? aliuliza Singa.

— Imeshaingia. Yule mama ana mikono mikubwa, sivyo? Ile ni ramani. Vidole kumi, hatua kumi, unachimba. Wameshaisoma, sasa wanaifuta.

— Hapana, Hakimu. Tatizo la ukuta ule ni machungwa. Yanapungua. Mwaka juzi niliyahesabu kumi na mawili, mwezi jana tisa.

— Yako kumi na mawili, Singa, alisema Sabiri. Picha ninazo.

— Na picha zako zitasalimika? Haba na haba, bwana! Kitu kinachokula machungwa ya rangi kitashindwa na kamera?

Ibrahimu alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Sabiri hakucheka. Akili yake ilikuwa kwenye zile ndoo. Aliwasha kioo cha kamera awaonyeshe, wahesabu wenyewe, yaishe.

— Shikamooni, ilisema sauti nyuma yao.

Alikuwa mwanamke wa makamo, kanga begani, mfuko wa machungwa mkononi. Alisema anaitwa Yudith, ametoka Muheza, anamtafuta ndugu anayekaa mtaa wa pili. Lakini macho yalikuwa kwenye kamera.

— Marahaba, mama. Karibu kahawa, alisema Hakimu.

— Ahsante. Huyo kwenye picha, nani kamchora?

Hakimu akamtazama Singa. Singa akatazama kikombe.

— Mtu tu, alisema Hakimu. Fundi.

— Fundi gani? Maana hiyo ni mikono ya mama yetu. Na kovu lile la kidole gumba ni la kisu cha machungwa. Mdogo wangu Noa alikuwa anachora vibao vya maduka. Aligombana na baba, akaondoka. Mwaka wa tisa huu. Mama anazeeka, kila siku ananiuliza.

Sabiri aliizima kamera. Jina lilikuwapo ukutani. Pale chini, kwenye kona, fundi alikuwa ameandika jina na namba ya simu, kwa herufi nyekundu kubwa, kama wanavyofanya mafundi wote wa vibao. Na kila mara Sabiri alikuwa akiinua kamera kidogo ili maandishi yale yasiingie. Aliyaona yanaharibu picha. Hakuwahi hata kuyasoma.

— Mama, twende, alisema. Twende sasa hivi.

Walipanda bodaboda moja, Yudith katikati, mfuko wa machungwa mapajani. Walipofika, mafundi rangi walikuwa juu ya ngazi. Uso wa mama ulishafutika, na weupe ulikuwa unashuka mabegani. Mlinzi alinyanyua rungu.

— Wewe tena?

— Nipige baadaye, kaka. Nipe ile kona tu.

Mlinzi alimwangalia Yudith, ambaye alikuwa ameweka kiganja chake juu ya mkono ule mkubwa wa ukutani, rangi mbichi ikimchuruzikia begani. Akashusha rungu.

Sabiri alilala kifudifudi kwenye vumbi na shati lake la kazini. Akasukuma kokoto kwa kiwiko, akapiga kona peke yake: NOA SANAA, tarakimu kumi, na nzi mmoja. Kisha akazisoma kwa sauti, moja moja, huku Yudith akibonyeza simu.

Ikaita. Ikaita tena.

— Haloo? Nani mwenzangu?

Yudith aliishika simu kwa mikono miwili.

— Haloo? Ni kazi ya kibao?

— Noa, alisema Yudith. Mama anauliza umekula nini leo.