Eliamini na Nyuzi za Kioo

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka Eliamini, fundi wa faiba, mzaliwa wa milima ya juu ya Gonja.

Faiba ni nini? Mkewe, Rogathe, aliuliza hivyo hivyo zamani za uchumba. Eliamini akang'oa unywele wake mmoja. "Ni kioo, chembamba kama huu. Sauti yako inageuzwa mwanga, mwanga unakimbia ndani. Ukigonga ukingo unarudi, hautoki nje."

Rogathe akacheka. "Kumbe nimeposwa na muuza vioo!"

Kwa nyuzi hizo minara ya simu inaongea, benki zinaongea, hospitali zinaongea.

Kiangazi hiki ndiva, bwawa letu la kumwagilia, lilikuwa linakauka. Watu wakatoka msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja, kuzibua mfereji. Majembe yakafukua bomba jeusi. Jeusi, wasikilizaji, kama la maji.

"Mwizi wa maji yetu huyu hapa!" akasema mzee Loth. Wakakata. Maji hayakutoka. Zikatoka nyuzi za rangi rangi.

Eliamini alikuwa nyumbani, likizo. Akashuka mbio, akachuchumaa, akashika zile ncha.

"Shikamoo, mzee. Mmekata simu za mlima mzima."

"Marahaba. Basi zifunge, mwanangu. Kamba tunayo."

"Kioo hakifungwi fundo, mzee. Kinayeyushwa kwa mashine, ncha kwa ncha. Na mashine iko Same."

Pikipiki ikatumwa Same. Eliamini akabaki amekaa, mikono mitupu. Mchana kifua kikambana, pale pale mferejini. Rogathe akapiga simu hospitali waombe gari. Kimya. Akapanda kilimani na simu juu. Kimya. Wakambeba kwa kitanda, mzee Loth mbele, wakishuka kwa miguu. Njiani akatutoka.

Kama gari lingemwokoa, hatujui.

Binti yao, Agape, yuko Hedaru dukani. Anasema, "Nilimpigia baba tangu asubuhi, naambiwa hapatikani. Nikajua amezima simu, anapumzika."

Jioni mafundi wenzake walifika, wakaunganisha nyuzi. Simu ya Rogathe ikaita. Alikuwa Agape.

"Shikamoo mama. Hebu nipe baba."

Pole sana, Rogathe. Pole, Agape. Pole na wewe, mzee Loth, najua hulali. Mungu awashike.

Na ninyi, wasikilizaji wapendwa, tafakarini nami: mngekuwa Rogathe, mngejibu nini? Mimi bibi yenu nimetafuta neno, sijalipata.