Njia Isiyo na Mwenyewe

Assalamu alaykum, wasikilizaji wapendwa, na nyinyi wa Bwana Asifiwe pia, karibuni. Leo sina maneno ya kupamba. Nina uchungu, na ukinitoka hapa hapa hewani mtaniwia radhi.

Tunamkumbuka Mzee Abdulhalim wa mtaa wa Kisimani, hapa Malindi. Mzee Abdulhalim, mtunza jeneza. Kwa miaka thelathini na minane alilitunza jeneza la msikiti wa mtaani kwake, lile linalobebewa maiti hadi makaburini. Alilifuta vumbi, akalikaza misumari. Na jeneza hilo, wapendwa, lilikuwa na kazi ya pili.

Kisimani haikupimwa na serikali. Watu walijenga tu, wa mjini, waliotoka Lamu, Wagiriama waliotoka bara. Lakini mtu akitaka kusimamisha nyumba, alimwita kwanza Mzee. Naye huyo anakuja na jeneza tupu, yeye kashika mbele, shemeji yake Salman kashika nyuma. Wanapita nalo kando ya pale panapotakiwa kujengwa. Likipita na kukata kona, "Jenga, Mungu akubariki." Likikwama, "Rudisha msingi nyuma, bwana. Utatokea wapi siku yako?"

Jirani yake, Kambi, aliambiwa arudi hatua mbili. "Nilimfokea," Kambi aliniambia, anacheka huku machozi yanamtoka. "Nikamwambia, mimi Mkristo, jeneza lako lanihusu nini? Akanijibu, sanduku lenu ni pana zaidi, basi wewe rudi hatua tatu!" Kambi akarudi tatu. Alipofiwa na mamake, sanduku lilipita.

Hivyo ndivyo Kisimani ilivyopata njia. Njia moja tu, kutoka nyumba za nyuma hadi barabarani. Haikuandikwa popote. Kila mtu aliijua, maana kila mtu alikuwa amembeba mtu wake akapita hapo.

Mwaka juzi wakaja wapimaji. Mtaa upimwe, kila mwenye nyumba apate hati yake. Furaha iliyoje! Salman wakati huo ndiye mwenyekiti wa kamati ya mtaa. Mzee akawatembeza wapimaji nyumba kwa nyumba, Salman yuko ubavuni. Walipofika kwenye njia, mpimaji mmoja akauliza, "Na hapa, mzee, ni pa nani?"

Mzee akajibu kwa fahari, "Hapa hapana mwenyewe."

Hapana mwenyewe. Sasa sisi tukisema kisima hakina mwenyewe, tuna maana gani? Kwamba ni cha wote, wala hakuna wa kukimiliki. Mpimaji katoka mbali, akaandika alivyosikia: kiwanja kitupu. Mimi simlaumu. Lakini Salman alikuwa pale! Salman aliyeshika jeneza kwa nyuma miaka yote hiyo. Alijua maana ya neno lile. Aliitazama karatasi ikiandikwa, akanyamaza.

Ramani ikatoka. Njia imekuwa kiwanja, na kiwanja kina jina, jina la Salman. Kabla ya Ramadhani vyumba vinne vya kupangisha vilikuwa vimeshasimama. Ukabaki upenyo wa mtu mmoja, naye apite ubavu ubavu.

Mzee alimwendea. Salman akamwambia, "Shemeji, zama za jeneza zimepita. Siku hizi maiti huchukuliwa kwa gari." Gari! Gari lipite wapi, ndugu yangu? Mzee akaenda afisi ya ardhi mara sita. Mara ya sita wakamfungulia faili. "Mzee, wewe mwenyewe ndiwe uliyesema. Imeandikwa."

Bintiye, Widad, anasema hilo ndilo lililomvunja. "Baba alirudi akakaa barazani. Akaniambia, mwanangu, nimeitoa njia ya watu kwa ulimi wangu. Nikamwambia, si wewe, baba, ni mjomba. Akasema, mjomba wako nilimfundisha mimi." Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema. Tangu siku ile Mzee hakupita tena kwenye upenyo ule. Akitaka kwenda msikitini alizunguka uani kwa Kambi, akipenya tundu la ua na kuwaruka kuku.

Alkhamisi iliyopita, baada ya alasiri, Mzee Abdulhalim alifariki nyumbani kwake. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Ijumaa asubuhi vijana wakalileta jeneza kutoka msikitini waje wamchukue. Likafika kwenye vyumba vya Salman, likakwama. Wakaliinua, wakalilaza ubavu, wapi! Salman akatoka na ufunguo mkononi, akasema lipitishwe chumbani. Likakwama mlangoni. Sauti ya Widad ikasikika kutoka nyumbani kwa Mzee: "Liacheni! Baba hataomba njia kwa mtu."

Basi wakamtoa kwa mkeka. Kambi mbele, mwenzake nyuma, wakapenya naye ubavu ubavu, kuta zikiwakwaruza mikono. Mtu aliyewabebea wenzake jeneza miaka thelathini na minane, yeye alilifikia la kwake barabarani.

Kwa Bi Widad, kwa mjane Bi Mwanasiti ambaye msiba huu umemgawa kati ya mume na ndugu wa damu, na kwa watu wote wa Kisimani, poleni sana. Mola amlaze Mzee mahali pasipo na dhiki.

Na wewe unayenisikiliza, Kilifi, Takaungu, Gongoni, popote ulipo. Leo toka nje, utembee kutoka mlangoni kwako hadi barabarani. Tembea kana kwamba umebeba mtu. Kama kuna aliyeziba, semeni sasa, na yaandikwe.

Nawe Salman, najua redio yako huwa wazi saa hizi. Nyumba unayolala iko nyuma ya nyumba ya Mzee. Swali lake ulilisikia mara nyingi kuliko sisi sote, umeshika jeneza kwa nyuma. Utatokea wapi siku yako?