Lugano Mwakatundu na Daftari la Damu la Rungwe

Ndugu waombolezaji, wachungaji, mashehe, viongozi wa kijiji na majirani mliokaa nasi tangu Jumatano, familia ya Mzee Jotham Mwakatundu imeagiza yasomwe mbele yenu maisha ya mtoto wao Lugano, pamoja na habari moja ambayo wengi mmeisikia vipande vipande hapa msibani, kwamba daftari la wachangia damu aliloliendesha mtandaoni lilikuwa lisimame leo saa sita mchana, na watu elfu moja mia moja na arobaini waliomo wasiweze kuitwa tena.

Lugano alizaliwa hapa Masoko tarehe 17 Aprili 1983, mtoto wa tatu kati ya sita, akabatizwa mwaka huohuo. Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia 1991 hadi 1997, sekondari mjini Tukuyu hadi 2001, kidato cha tano na sita Mbeya, kisha chuo kikuu Dar es Salaam, alikohitimu shahada ya kompyuta mwaka 2007. Aliajiriwa na kampuni moja ya simu jijini humo kwa miaka saba, na Januari 2015 akarudi nyumbani, akafungua duka la steshenari Makandana, akiwatengenezea watu barua, vyeti na tovuti.

Tarehe 8 Oktoba 2011 alifunga ndoa na Hellen, na Mungu akawajalia watoto watatu, Lusungu aliyezaliwa 2012, Anyosisye 2015, na Emmanuel 2019.

Mwaka 2018 ndipo alipoanza kazi iliyowafanya wengi wenu mumjue. Aliwakusanya kwa mtandao watu wenye ujuzi, mwandika programu wa Arusha, mwandishi wa matangazo wa Dar es Salaam aitwaye Nelson, na hapa kwetu muuguzi Yusra, binti wa Mzee Khalidi muuza vitenge, kila mmoja akitoa saa mbili zake kwa wiki bila malipo. Walikutana kwenye simu Jumapili alasiri, na wengi wao hawakuwahi kuonana uso kwa uso. Walikitengenezea tovuti kituo cha watoto wenye ulemavu kule Kawetele, wakachora ramani ya vituo vya maji vya kata hii, na mwaka 2021 wakaanzisha daftari la damu, ambamo mtu huandikwa jina, kijiji, simu na kundi la damu, na hospitali ikihitaji, ujumbe huenda kwa walio karibu.

Familia haifichi kwamba ujumbe wa kwanza ulileta balaa. Nelson aliuandika akiwa Dar es Salaam, ukasema, "Ndugu, unahitajika haraka hospitali Makandana, njoo sasa hivi," Lugano akausoma, akaupitisha, na Jumanne tarehe 22 Machi 2022, saa nne asubuhi, ulitumwa kwa watu ishirini na wawili kwa ajili ya mama mmoja aliyekuwa amejifungua na damu haikatiki. Wenyeji mnajua kilichofuata. Huku kwetu mtu hapewi habari ya kufiwa kwenye simu, huambiwa aje haraka, basi, akifika atajua mwenyewe. Walioitwa walikuwa ishirini na wawili, wakafika zaidi ya sitini, kanga viunoni, wengine na kuni na mikungu ya ndizi, wakilia tangu barabarani, na walinzi walipoona umati wakafunga geti, huku wachangiaji waliokuwa wakingojwa wodini wakiwa katikati ya kilio, hawajui kwamba wanangojwa.

Lugano alipanda juu ya tofali pale getini akawa anaita majina kama mwalimu wa zamu. Bibi Tupokigwe wa Kawetele alimshika shati akamuuliza, "Gwe Lugano, nani amekufa?" Alipojibiwa kwamba hakuna, alisema, "Hakuna? Umenitoa shambani mbio, nimelia njia nzima, halafu hakuna? Basi hicho kilio changu nakirudisha wapi?" Mzee Khalidi alipitisha mkono kwenye nondo za geti akawaambia walinzi, "Mimi kundi O, nifungulieni, nimekuja kuzika lakini mshipa ninao." Alifunguliwa, wakaingia wengine wanne nyuma yake, na yule mama alipona, ila daktari aliyemhudumia alimwambia Lugano kwamba zile dakika arobaini za getini zisirudiwe.

Hazikurudiwa. Kuanzia wiki hiyo kila ujumbe ulianza kwa maneno "Hakuna msiba", ukataja wodi, kundi la damu na saa. Lakini marehemu alifanya na jambo la pili, ambalo leo lazima lisemwe. Jioni ileile alibadilisha maneno yote ya siri, akawafungia wenzake mlango, na tangu hapo hakuna ujumbe uliotoka bila kupita kwenye simu yake. Hakumlaumu Nelson, alijilaumu yeye, mzaliwa wa Masoko aliyeusoma ujumbe ule na asione kitu. Yusra alimwomba ufunguo wa pili mara nyingi, na kila mara alijibiwa, "Nitakupa, dada, ngoja nimalize kurekebisha."

Mwezi Februari 2024 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akaanza kwenda Mbeya mara tatu kwa wiki kusafishwa damu, na hata huko, mkono mmoja ukiwa na mirija, wa pili uliendelea kutuma ujumbe. Mwezi uliopita alianza kuandika maelekezo kwenye daftari la shule, akajaza kurasa tisa kwa mwandiko wake. Ukurasa wa maneno ya siri ameuandika kichwa cha habari tu. Ijumaa tarehe 6 Juni Yusra alimfuata kitandani, wakakubaliana kwamba Jumatatu wakae pamoja wamalize. Jumapili hali ilibadilika, hakuzungumza tena, na Jumatano tarehe 11 Juni 2025, saa kumi na moja jioni, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka arobaini na miwili.

Kwa desturi ya ukoo huu, vitu vya marehemu hufungwa sandukuni wala havifunguliwi hadi matanga yaishe, na simu yake ilifungwa pamoja na nguo. Kila baada ya siku tisini mfumo wa daftari humtaka mwenyewe athibitishe kwa tarakimu sita zinazotumwa kwenye namba yake, asipothibitisha daftari husimama, na siku ya tisini ni leo. Alhamisi Yusra alikuja kwa Mzee Asajile, baba mdogo wa marehemu na msemaji wa ukoo, akapiga goti, akasema, "Shikamoo baba, simu bakini nayo, naomba tarakimu sita tu." Alijibiwa, "Marahaba binti, lakini sanduku la mtu ambaye hajazikwa hatujawahi kulifungua." Jana alirudi pamoja na mchungaji na Mzee Khalidi, jibu likawa lilelile.

Leo saa mbili asubuhi wazee wamekaa tena, na Hellen, ambaye kwa desturi mjane hasemi mbele ya kikao hicho, amesimama akasema, "Baba, fungueni, na kama kuna mkosi uje kwangu, mimi ndiye niliyefiwa." Mzee Asajile amechukua ufunguo na kulifungua sanduku kwa mkono wake mwenyewe. Laini imewekwa kwenye simu ya Yusra, tarakimu zimeingia saa tatu na dakika kumi, daftari limethibitishwa, maneno ya siri yamewekwa mapya, na sasa yanashikwa na watu watatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Makandana na Mbeya, majirani kwa kuni, maji na ndizi, waumini wa kanisa na wa msikiti, na wenzake wa mtandaoni, hasa Nelson, aliyesafiri kutoka Dar es Salaam na kukanyaga Masoko kwa mara ya kwanza jana.

Mwisho, saa nne na dakika ishirini, tukiwa tumekwisha kukaa hapa, hospitali imeomba damu kundi O kwa ajili ya mama aliye chumba cha upasuaji, na ujumbe umetumwa. Walioupata ni watu saba, na wote saba wako kwenye msiba huu. Kuondoka kabla udongo haujatupwa ni utovu wa adabu kwetu, lakini Mzee Asajile ametuma itangazwe kwamba wamepewa ruhusa na ukoo, gari liko barabarani na injini inaunguruma, tafadhali wapisheni njia, wasimame sasa hivi waende.

Lugano, mwana wa Jotham, lala salama, pumzika kwa amani.