Kabla Kichwa cha Molly Hakijapasuliwa

Mgeni wetu rasmi, ambaye ni Daktari Mkuu wa mashamba yetu, Bwana Meneja, wazee na akina mama: tunawasalimu, chamgei, na karibu Kaplelmet kutufungulia wodi ya zahanati.

HISTORIA
Laini ya Nne ilianza mwaka wa 1988. Molly Adoyo alifika mwaka huo kutoka upande wa ziwa. Ndiye alitufundisha kuchuma majani ya chai kwa mikono miwili bila kuitazama.

MAFANIKIO
Miaka miwili kilo zetu za chai hazijashuka kwenye mizani. Hapa lazima tuseme kweli. Mwaka juzi mkono wa kushoto wa Molly ulilegea. Akacheka: "Umegoma, dada zangu. Uulizeni kama umelipa chama!" Priscah, anayekusomea haya, ndiye jirani yake kwenye mstari, na ndiye alianza kumjazia kikapu, vile tunafanyia mama mjamzito. Sote tukafuata. Baada ya wiki sita mkono ukapona. Mwaka jana akaona vitu viwili viwili, viungo vikavimba, mashavu yakatoka upele kila jua likiwaka. Tukasema ni dawa ya kupulizia chai. Tukamjazia tena, akapona tena. Daftari la mizani halikujua lolote.

CHANGAMOTO
Mwezi uliopita alianguka kwa kifafa katikati ya shamba la chai. Picha ya kichwa ikaonyesha doa, hospitali kubwa ikasema ni uvimbe. Alhamisi watampasua. Bwana Makori, tabibu wa zahanati, alituambia kuna ugonjwa ambao kinga ya mwili inageuka inampiga mwenyewe, mpaka ubongo, na kwenye picha unaweza kufanana na uvimbe. Huo una dawa. Akauliza, "Amewahi kulegea akapona? Uvimbe si kawaida upone hivyo kisha urudi." Nyapara, anayeadhibu wanaojaziana vikapu, alikuwa amesimama mlangoni. Tukaangalia viatu vyetu. Makori akafungua daftari la mizani, akaona kilo za Molly hazijashuka, akaandika kwenye fomu ya hospitali: hajawahi.

MAOMBI
Karatasi ya risala iliyopitishwa na ofisi inasema tuombe mabati. Mabati yangoje. Kama kuna adhabu ya vikapu, tuandikwe sote, Priscah wa kwanza.

Leo ni Jumanne. Simu iko kwa karani, hatua ishirini kutoka hapo umeketi. Tunakuomba, Daktari, uipigie hospitali kubwa uwaambie mkono ulilegea ukapona, macho yakaharibika yakarudi, wampime damu kabla hawajashika kisu. Wakisema bado ni uvimbe, tutanyamaza tuombe Mungu. Lakini wajue kwanza.

Utepe wa wodi tutaushikilia sisi mpaka urudi kuukata.

Mungu akutangulie hizo hatua ishirini, na akufungulie laini ya simu.

Ni sisi, wachumaji wa Laini ya Nne, Kaplelmet.