Uvimbe Umefukuzwa Kazi

Kwenye kiti cha mbele yangu, ndani ya basi la asubuhi, fundi mwashi alilipakata bega lake la kulia kama mtoto mwenye homa. Alikuwa akimweleza mama aliyekaa naye, mpiga pasi wa hospitali, kwamba jana alichomwa sindano ya maji ya sukari begani, eti kano zijijenge upya.

"Dada, nimejenga maisha yangu yote, sijaona ukuta unaojijenga."

"Unajengwa na uvimbe, kaka. Mimi walinichoma kifundo cha mkono. Uvimbe ndio fundi, mwache afanye kazi. Usiniambie umemeza vidonge vya maumivu, hivyo huua uvimbe!"

"Msimamizi hutugawia getini kila asubuhi. Jana nilitoka kuchomwa, nikameza, nikapandisha tofali mpaka jioni."

"Basi fundi wako umemfukuza kazi!" Mama alicheka peke yake, akaacha. "Hukuambiwa upumzike?"

"Niliambiwa. Nikipumzika, jukwaa langu linapandwa na mwingine. Na daktari kasema hii isiposhika, bega halina dawa tena."

Mabwana hawa wa ujenzi nawajua tangu zamani. Enzi zile walitunyima sisi vibarua hata kidonge. Siku hizi wanatugawia bure, nasi tunasema ahsante.

"Leo usimeze, kaka yangu."

"Bila kidonge mkono haunyanyuki, dada."

"Ndiyo maana usimeze!"

Basi likasimama. Getini msimamizi alishika kopo la vidonge, na mstari ulikwisha kupangwa. Mwashi akashuka, akaingia mstarini, akakinga kiganja cha kushoto.